Mkonga wa Pikapu ya Marehemu



Wasomaji kadhaa wa Bondeni na Mji wa Kale wametusimamisha njiani wakitaka kujua lile bomba jeusi lililopanda ubavuni mwa pikapu yetu hadi kimo cha paa ni la nini. Watoto wa mtaani wamekwisha kulipa jina: mkonga. Wapo waliodhani ni bomba la moshi lililogeuzwa, na yupo jirani mmoja aliyetuuliza, kwa adabu zake zote, kama twanuia kuvuka Mto Tana bila daraja. Tumeonelea tulijibu swali hilo hapa, kwani jawabu lake ni refu kuliko mwendo wa kutoka msikitini hadi mlangoni, na limetugharimu zaidi ya fedha.

Pikapu yenyewe ni Toyota Hilux ya zamani, ya injini ya dizeli iitwayo 5L, yenye silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2,986, isiyo na tabo ya kuisukumia hewa. Tangu tukiwa wadogo kazi yake ilikuwa moja, nayo ni kwenda bara ya Kilifi, upande wa Ganze na Bamba, kuleta mabuyu na mihogo. Mabuyu hupikwa kwetu kwa sukari na rangi, na mihogo hukatwa vipande vyembamba ikakaangwa, kisha mama na dada yetu huvitia katika vifuko na kuviuza. Pikapu ikilala, jiko nalo hulala.

Baba alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, hatukuiuza. Babu na bibi walikuwa wamekwisha tangulia, na warithi tulikuwa mama, sisi wanaume watatu, na dada yetu mmoja. Hesabu ya mirathi katika sura hiyo ni nyepesi ajabu: thumni ya mama hutoka kwanza, na thumni saba zilizobaki hugawika, kila mwanamume mbili na mwanamke moja. Gari moja, mafungu manane. Tukakubaliana liendelee kufanya kazi kwa ushirika, na faida igawanywe kwa mafungu hayo hayo. Twamwomba msomaji aishike hesabu hiyo, maana tutairejea.

Aliyeshika usukani ni mdogo wetu. Ni kijana wa mikono myepesi, apendaye gari kuliko apendavyo chakula, na ametupa ruhusa ya kuandika haya kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Malalamiko yake yalikuwa ya kweli. Kila alipokipanda kilima cha Mazeras, hata magunia yakiwa matupu, malori yalimpita, na madereva wake humtazama mtu kwa jicho la huruma ambalo kijana halisahau. Vijana wenziwe wakamshauri aitie gari chujio la wazi.

Hapa yafaa tueleze, kwa ajili ya wasiojua. Injini haili dizeli peke yake. Injini ya mipigo minne huvuta hewa ya ujazo wake mzima kila inapozunguka mara mbili. Hii yetu ya karibu lita tatu, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, ambao ndio mwendo wa safari ya kawaida, huvuta hewa inayokaribia lita 3,000 kila dakika. Chumba cha mita nne kwa tano, chenye dari la mita tatu, hubeba mita za ujazo 60. Basi pikapu yetu humaliza hewa ya vyumba vitatu vya namna hiyo kwa saa moja. Na hewa ya njia ya Ganze wakati wa kaskazi, lori likiwa limetangulia mbele, si hewa tena. Ni unga mwekundu unaoelea.

Kiwandani gari hupewa kisanduku kilichofungwa, ndani yake chujio la karatasi iliyokunjwakunjwa, na pua ya kisanduku hicho huvuta hewa kutoka ndani ya ubavu wa gari, mbali na joto la injini. Chujio la wazi ni jambo jingine. Kisanduku huondolewa chote, na mahali pake huwekwa koni ya kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta, imesimama peke yake chini ya boneti. Wauzaji husema kwamba gari sasa lapumua. Mdogo wetu alilinunua kwa bei ambayo ingetununulia machujio ya karatasi kumi, na fundi mmoja akalifunga kwa nusu saa.

Hakutuuliza. Lakini na sisi tuseme ukweli: hatukumwuliza. Usiku ule aliporejea baada ya Isha, tuliisikia pikapu kabla ya kuiona. Ilikuwa ikinguruma kifuani kama simba mwenye mafua, na vichochoro vyetu, ambavyo dirisha la huku hutazamana na dirisha la kule kwa masafa ya mkono, viliupokea mngurumo huo na kuuzidisha. Mmoja wetu, ambaye ni mtu mzima mwenye watoto, alitoka akiwa na kikoi akataka azungushwe hadi uwanja wa Makadara na kurudi. Tulicheka. Tulisema kweli gari limekuwa na nguvu. Mama peke yake hakucheka. Alisema, "Gari la baba yenu lilikuwa halisikiki," kisha akaenda nyuma ya pikapu, akakiokota kile kisanduku cha zamani pamoja na mpira wake, akakipangusa, akakitia chini ya ngazi. Tulidhani ni huzuni za mjane, ambaye kila kilichoguswa na marehemu kwake ni kumbukumbu.

Kwa muda wa miezi minane mambo yalikwenda. Kisha oili ikaanza kupungua bila kuvuja. Moshi wa samawati ukatokea asubuhi, na injini ikawa nzito kuwaka hata katika joto letu la Mombasa, ambapo dizeli haina udhuru. Nguvu zile tulizozisifia zikatoweka, na Mazeras ikawa ndefu kuliko zamani. Fundi akasema injini ifumuliwe.

Kabla ya kukubali, tulimwita ami yetu. Ni mzee aliyestaafu, aliyeendesha na kutengeneza Bedford na Land Rover katika zama ambazo njia ya Lamu ilikuwa safari ya kuagana na watu. Siku hizi hukaa barazani na kahawa yake. Alikuja baada ya Alasiri, kanzu nyeupe, akasimama mbele ya gari muda mrefu bila kugusa kitu. Kisha akaomba bisibisi. Akalegeza klipu ya bomba mahali lilipoungana na injini, ng'ambo ya chujio, mahali ambapo hewa hutakiwa kuwa imekwisha safishwa. Akatoa kitambaa chake cheupe cha mfukoni, akakizungusha ndani ya bomba, akakichomoa.

Kilikuwa chekundu.

"Huu ni udongo wa wapi?" akauliza.

"Wa Ganze, ami," akajibu mdogo wetu.

"Na chujio liko wapi?"

Akaoneshwa kwa kidole.

"Basi umelipitaje, mwanangu?"

Hakuna aliyejibu. Ami akaendelea kwa upole, na upole wake ulituuma kuliko ukali. Alituonesha kwamba shingo ya koni ilikuwa pana kidogo kuliko bomba letu, na fundi aliuziba mwanya huo kwa ukanda wa mpira ambao joto lilikuwa limeukausha. Akaikamua pamba kwa vidole, ilikuwa kavu. Mdogo wetu alikuwa akiiosha kila mwezi kwa sabuni, kwa bidii na usafi, ila hakujua kwamba ikishakauka lazima ipakwe tena mafuta yake maalumu. Pamba peke yake matundu yake ni makubwa. Mafuta ndiyo yanayolinasa vumbi. Kwa miezi kadhaa injini ilikuwa ikipumulia kitambaa kitupu. Na chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda: zikishaingia baina ya ringi na ukuta, hufanya kazi ya msasa kila pistoni ipandapo na kushuka, na oili huzichukua na kuzipeleka hata kwenye beringi.

Hatupendi kulidhulumu chujio la namna hiyo. Kampuni ya K&N ya California imekuwa ikiuza machujio ya pamba na mafuta tangu mwaka 1969, na wako watu wanaokimbia nayo jangwani wakarudi salama. Lakini wao huyahudumia kwa kipimo, mafuta yasizidi wala yasipungue, na hufunga kitu kilichokatwa kwa kimo cha gari lao. Sisi tulinunua kitu cha watu wenye nidhamu tukakitumia kwa mazoea yetu.

Tena ami akatufungua macho kwa jambo ambalo hatukuwahi kulifikiri. Nguvu zile tulizozisifia usiku wa kwanza hazikuwapo. Koni iliyosimama wazi chini ya boneti huvuta hewa iliyopashwa na injini yenyewe, na hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko hewa ya nyuzi 30 iliyoko nje. Halafu pampu ya dizeli ya injini kama hii hutoa mafuta kwa kadiri ilivyopangiwa. Haina habari kama hewa imezidi. Kupata nguvu bila ya kuongeza mafuta hakupo. "Mliongeza sauti," akasema ami, "mkasikia nguvu." Yule mwenzetu aliyetoka na kikoi akatazama chini.

Ndipo mama akaja na kisanduku. Alikitua kibarazani bila neno. Tulipoukunjua ule mpira mnene unaounganisha kisanduku na injini tukaona kwamba katikati, kwenye mikunjo, ulikuwa umepasuka, na baba alikuwa ameufunga kwa utepe wa mpira wa ndani wa baisikeli, mzunguko juu ya mzunguko, ukafungwa kwa waya nchani. Tuliuona utepe huo miaka mingi. Tulidhani ni ubahili. Kumbe marehemu alijua vumbi lapitia wapi, na alikuwa akiuzuia mlango huo kwa alichonacho. Ami akaingiza kidole chini ya utepe: ndani palikuwa safi.

Injini ilifumuliwa. Ringi zilikuwa zimekwisha, silinda zimelika, na hapakuwa na budi ila kutia mpya. Bei yake hatutaitaja, atosheke msomaji kujua kwamba dada yetu alikuwa akiweka akiba ya kununua jiko kubwa la gesi, na kwamba tulipoketi kupiga hesabu mtu wa kwanza alisema, kwa wepesi, "Tutoe katika faida." Faida ya nani? Katika mafungu manane, moja ni la mama na moja ni la dada, na wawili hao hawakuwahi hata kuishika funguo. Kuitoa gharama katika faida kulikuwa na maana ya kuwalipisha thumni mbili za kosa wasilolifanya.

Tulimwendea mwalimu wetu wa darsa tukamsimulia, tukitaraji atatutajia kiwango. Akatuuliza kwanza: "Aliyeibadili gari ya ushirika, mlimruhusu?" Tukasema hakuomba ruhusa. "Mlipojua, mlimkataza?" Tukanyamaza. "Nasikia mmoja wenu alizungushwa Makadara," akasema, na hatujui hadi leo nani aliyempasha habari. Bondeni ni ndogo.

Tukarudi nyumbani tukiwa hatuna la kujitetea. Mdogo wetu alitaka kulibeba deni peke yake, na alilia, jambo ambalo hatukuwa tumeliona tangu siku ya mazishi. Alisema alikuwa akitaka gari la baba lisidharauliwe njiani. Basi tukaamua kwamba sisi wanaume watatu tutalipa sawasawa, mifukoni mwetu, na mafungu ya mama na dada hayataguswa. Mdogo wetu fungu lake alililipa kwa kuiuza ile koni na kwa kuendesha safari za miezi minne bila ujira. Mwenye kikoi aliuza pikipiki. Mama alipoambiwa alisema tu kwamba jiko la dada lisicheleweshwe.

Lakini pikapu bado ilihitaji njia ya kupumua, na mara hii uchaguzi ulifanywa na watu watano pamoja na ami. Yeye alitamani lile chujio la kale la mafuta, kama la Land Rover za zama zake, ambapo hewa hupigwa juu ya oili iliyomo bakulini na vumbi likazama. Alilisifu sana. Halihitaji kununuliwa tena. Humwagwa oili chafu na kutiwa safi. Hata hivyo gari likilala upande oili humwagika, na karatasi ya siku hizi hunasa vumbi laini ambalo lile huliachia. Alikubali baada ya vikombe vitatu vya kahawa.

Kwa hiyo tukarudia karatasi, ndani ya kisanduku kilekile cha baba, na mpira mpya wa kiwandani badala ya ule wa utepe. Karatasi ina masharti machache, ila watu wengi huyavunja. Adui yake mkubwa ni upepo wa kompresa: ukiielekezea kwa nguvu ili kuipuliza vumbi, hutoboka vitundu visivyoonekana. Sisi sasa tukiitoa twaishika mbele ya taa. Ikionesha nukta moja ya mwanga, twaitupa. Na haina haja ya kusafishwa kila wiki, kwa kuwa vumbi kidogo lililokwisha kaa juu yake husaidia kunasa linalofuata, mpaka itakapoziba na gari kuanza kutoa moshi mweusi.

Lililobaki ni pua: hewa ivutwe wapi? Hapo ndipo mkonga ulipoingia. Mabomba hayo huitwa snokeli, na wengi huyafunga kwa ajili ya maji. Sababu hiyo ni ya haki. Waliosafiri pwani mwishoni mwa mwaka 2023, mvua za El Niño zilipozikata barabara, wanajua maji hufika wapi. Maji hayabanwi kama hewa: yakiingia katika silinda, mkono wa pistoni hupinda. Lakini kwetu sisi sababu kubwa ilikuwa vumbi. Vumbi zito hubaki chini, usawa wa magurudumu, na hewa ya kimo cha paa ina uchache wake. Ndiyo sababu hata magari ya mashindano ya Safari, tangu yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, yameonekana yakivishwa mikonga. Ami, aliyekuwa akiyatazama mashindano hayo zama yalipokuwa yakiteremka hadi Mombasa, aliliona hilo kama heshima iliyochelewa.

Juu ya mkonga tumeweka bakuli la plastiki linaloizungusha hewa kabla haijaingia, vumbi zito likatupwa pembeni kwa mzunguko na kubaki ndani ya bakuli, ambapo laonekana kwa macho na humwagwa kila safari. Wazo la kuliokoa trekta au gari kwa kuichuja hewa si geni. Mwaka 1915 huko Marekani, muuzaji wa matrekta aitwaye Frank Donaldson alimtengenezea chujio mteja ambaye trekta yake ilikuwa ikifa kwa vumbi, na kampuni iliyozaliwa hapo ingalipo. Tulimsomea mdogo wetu habari hiyo. Alisema laiti angeisoma mwaka jana.

Kwa anayetaka kufunga mkonga, tuna maneno mawili ya uzoefu. Bomba lenyewe si kinga ikiwa viungo vyake havikuzibwa. Tulimkuta fundi wa pili tayari ameupachika kwa skurubu bila kutia gundi ya mpira kwenye maungio, na ami akamwomba aufungue wote aanze upya, jambo lililomkera. Na chini ya kisanduku kuna tundu dogo la kutolea maji, lenye kimdomo cha mpira. Kimdomo hicho kikipotea, na aghalabu hupotea, hewa na maji yataingia kwa chini huku mwenye gari akijivunia mkonga wake juu. Cha kwetu kilikuwa kimepotea. Kipya tulikipata Mwembe Tayari kwa bei ya chai na mahamri.

Kutoboa ubavu wa gari la baba ndilo jambo lililotuwia gumu. Mdogo wetu alishika mashine ya kutobolea, akaiweka chini, akamtazama mama. Mama alimwambia, "Toboa, mwanangu. Gari ni la kazi." Alitoboa.

Pikapu haingurumi tena. Mazeras bado malori yanaipita, na oili haijapungua tangu injini ifungwe. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda kukoga kwa ajili ya swala, mdogo wetu hulegeza klipu, huingiza kitambaa cheupe ng'ambo ya chujio na kukichomoa. Ijumaa iliyopita dada yetu alikichukua, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, pande zote mbili, akakifua hata hivyo, akakipiga pasi, akampelekea ami barazani, ambaye alikuwa akikidai tangu siku ile.